Vistari Viwili vya Mkurugenzi

Idara ya Uhamisho wa Watumishi ilitangaza, kwa spika iliyokuwa ikikwaruza, kwamba Kamati ya Maneno ya Nyongeza imemaliza kazi baada ya vikao kumi na vinne, na kwamba tangu siku hiyo hakuna mkubwa atakayedharauliwa tena na kompyuta.

Dharau ilikuwepo kweli. Fundi, mama mpole mwenye dawati jirani na choo, alikuwa ameunda programu ya kuhamisha watumishi. Uliandika hamisha, halafu vistari viwili na neno la nyongeza: --nani, --wapi. Ukikosea, ilikwambia. Ukisahau, ilikuuliza. Ukikwama uliandika --msaada, nayo ikakueleza pole pole, kama unavyomwelekeza mgeni njia.

Kamati ilishtuka.

"Niombe msaada mimi?" alisema Mkurugenzi. "Kwa mashine?" Neno likafutwa.

"Na hili swali la 'Una hakika?'" akasema Katibu. "Bosi, mimi mwenyewe miaka tisa sijathubutu kukuuliza." Likafutwa. Neno la kurudisha agizo, likafutwa. Neno lisilojulikana lisikosolewe, lipokelewe kwa pongezi. Na mkubwa asipoandika jina, programu ichukue jina la aliyeketi kitini, kwa heshima.

Fundi alinyoosha mkono. "Bosi, je, akisahau jina la anayehamishwa?"

"Mama, mkubwa hasahau. Huahirisha kukumbuka."

Kwa ule mkono alionyoosha, ikaamuliwa yeye ndiye awe wa kwanza kuhamishwa, siku ya uzinduzi, mbele ya watu. Kituo alichopangiwa kilikuwa safari ya siku mbili. Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, asiyeweza kujigeuza kitandani. Kila saa kumi jioni Fundi humgeuza, humpaka mafuta mgongoni, humnyooshea shuka isimkunjikie. Hakuwa na ndugu wa kumwachia.

Siku ikafika. Mkurugenzi aliketi, akavua saa, akadonoa kwa kidole kimoja: hamisha --wapi kituo-cha-mbali.

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Aliona kilichopungua. Angeweza kunyamaza, lakini kazi ilikuwa ya mikono yake.

"Bosi, bado hujaweka --nani."

"Unadhani sijui ninayemhamisha?" Akabonyeza.

Kioo cha kompyuta kikaandika: Agizo limetekelezwa. Hongera kwa uamuzi wa busara. Printa ikatema nakala tatu za barua, zote na muhuri. Katibu akaanza kuisoma barua kwa sauti ya sherehe, akafika kwenye jina, akakohoa, akalirudia taratibu.

"Irudishe," Mkurugenzi akamwambia Fundi.

"Neno la kurudisha mlilifuta, bosi. Kikao cha sita."

"Basi kamati ikae sasa hivi."

Katibu aliitazama barua, akaikunja vizuri. "Kamati huitishwa na Mkurugenzi wa hapa, mzee." Bosi alikuwa ameshakuwa mzee.

Saa ya ukutani ilikaribia kumi. Fundi akachukua mkoba wake, akaaga kwa adabu. Alipopita mlangoni alimwona Mkurugenzi ameinama, kidole kimoja kikitafuta herufi moja moja: --msaada.

Kioo kikajibu: Hongera kwa uamuzi wa busara.