Wachawi Saba Wenye Kanzu

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba
Jumamosi tena mwanangu Anouar hakula nyumbani. Mutu wa miaka ishirini na sita, fundi wa simu, anabeba boksi la sanamu za baba yake na kwenda kucheza nazo muchezo wa vita na mutoto wa Mwavita, mezani kwao, ng'ambo ya barabara. Wachawi saba wa chuma kizito, kila mumoja urefu wa kidole. Marehemu mume wangu Nasser aliwanunua Brussels akisoma huko, sasa ni zaidi ya miaka arobaini, akawapaka rangi mwenyewe. Kosa ni langu. Nilisema muchawi hakai kwenye nyumba inayosomwa Kurani. Leo sokoni Mwavita amenisimamisha kunieleza namna mwanangu anavyopenda sambusa zake. Alikula nane, eti.

Jumatano, tarehe 8
Nimepata akili! Wakiacha uchawi, watarudi. Mutoto atawafuata. Anouar alikwenda kazini, boksi akaliacha. Nimechukua tupa, nimeondosha ncha za kofia. Zimebaki kofia za kuvaa musikitini. Majoho yaliyobanduka rangi nimeyageuza kanzu, kwa ile rangi nyeupe ya mulango. Ndevu nimezipaka rangi ya kucha ya binti yangu Lubna, mutu anaweza kusema hina; mumoja hakuwa nazo, nimemuchorea. Fimbo nimeziacha, imamu wetu naye anayo. Mashehe saba, mashallah.

Alhamisi, tarehe 9
Anouar amefungua boksi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema watu wanatafuta sanamu kama hizi miaka na miaka. Nikamwambia nitanunua zingine mupya. Akachukua moja, akaipindua.
"Mama, soma chini."
Mwandiko wa Nasser: Kaltum. Jina langu. Huko Brussels kila muchawi alimupa jina la mutu aliyemukumbuka. Tulikuwa wachumba.
"Joho lako lilikuwa la buluu. Baba alilipaka mara tatu."
Na mimi nimejitia ndevu. Nimelia jikoni. Lubna kauliza, nikasema ni vitunguu. Hakukuwa na kitunguu hata kimoja.

Jumamosi, tarehe 11
Labda Anouar alinisikia nikilia. Hakwenda kwa Mwavita! Alimuita Faruk, mutoto wa Mwavita, wakacheza mezani kwangu. Faruk alicheka mupaka machozi, akaanza kumuita yule wangu Shehe Kaltum. Anouar naye akacheka kidogo. Kisha akaniomba kitu kimoja: Mama, usiguse tena kilicho ndani ya boksi. Nimeapa, na moyo wangu wote. Nasser anisamehe.
Sambusa alikula kumi. Mwavita asikie.

Jumapili, tarehe 12
Faruk amesahau joka lake la plastiki mezani. Meno mabaya, mabawa, pembe ndefu. Mi niliapa juu ya boksi. Hili halikutoka ndani ya boksi. Nimeliangalia vizuri. Bila mabawa, bila mukia ule, ni ng'ombe wa Kirundi kabisa. Faruk atafurahi, atakuwa anakuja kila Jumamosi.
Lubna ameficha tupa. Apana neno. Kisu cha mukate kinatosha.