Sufuria la Watu Juu ya Shimo la Nyigu

Leo nimeumbuka. Kosa ni langu, nianze nalo kabisa: nilifunika shimo la nyigu kwa sufuria la watu. Nawaandikia wote e-mail moja kwa sababu sina nguvu ya kusimulia mara tano.

Sufuria mnalijua. Lile kubwa lililoletwa kwa ndege kutoka Dar, linalozunguka kwa Watanzania wote wa hapa. Ubatizo, linakuja. Msiba, linakuja. Hapa kwetu Inver Grove Heights lilikuwa limebaki tangu ubatizo wa mdogo wangu.

Nyigu walijichimbia nyumba ardhini, chini ya kamba ya nguo. Jumatatu mama alichomwa mkono akianika kanga. Mama anakesha kazini kwenye nyumba ya wazee, hana nguvu za kugombana na wadudu. Akaniambia, "Watoe hao. Ukiwatoa, Jumatatu ijayo nakupeleka kwenye mtihani wa leseni ya gari."

Leseni! Nilikuwa nimeshafanya mazoezi ya tabasamu la picha mbele ya kioo cha bafuni. (Msicheke, nanyi mlifanya.)

Jirani yetu, mzee wa Kizungu, akanipa dawa ya unga. Subiri jioni wakishaingia, mwaga mlangoni, ondoka. Dakika mbili. Lakini Jumatano jioni nilikuwa nimechoka (kukaa nako kunachosha). Nikawaza: mlango mmoja, sufuria moja. Nikafunika, nikaweka tofali juu.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Wamekwisha."

Leo Jumamosi, saa tano asubuhi, Mama Neema huyo kutoka Maple Grove. Ana wageni arobaini jioni, mchele ameshauloweka, anataka sufuria. Mama ndiyo kwanza ametoka kazini, macho mekundu.

"Sufuria liko wapi?"

"Uani."

"Uani linafanya nini?"

"Linapigwa jua."

Nikaenda kabatini. Nikavaa koti la theluji, kofia ya sufu, glavu na miwani ya kuteleza kwenye theluji. Agosti hii! Chini nilikuwa na kaptula (nilisahau kwamba nina miguu). Nikapita sebuleni kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Neema akanitazama juu mpaka chini, akamgeukia mama. "Mwanao ana homa?"

Uani nikaondoa tofali. Nikatega sikio. Sufuria linaimba. Jamani, linaimba! Ningerudi ndani nikaungama, lakini Mama Neema alikuwa ameshazunguka mpaka kwenye kona ya nyumba, funguo za gari mkononi.

"Fanya haraka, baba! Sufuria nalo linakushinda?"

Nikainua.

Nilidhani watakuwa wamekufa kwa njaa. Walikuwa na hasira ya siku tatu. Nikalitupa sufuria, likabingirika mpaka kwenye uzio. Miguu ikashambuliwa yote. Mmoja akaingia chini ya kofia, wawili wakaja mdomoni. Nikakimbilia gari la Mama Neema. Alikuwa ameshafika kabla yangu (sikujua mama yule ana mbio zile), milango amefunga, vioo juu.

"Nifungulie, mama!"

"Kaa huko huko na wageni wako!"

Nikavua koti, kofia na glavu pale pale mbele ya nyumba, huku narukaruka na kaptula na miwani. Jirani alikuwa kibarazani na kahawa yake. Akaniuliza taratibu kama nilitumia ile dawa. Nikasema bado. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mama Neema ameondoka bila sufuria. Liko uani bado, nani alifuate? Anapika kwa visufuria sita, na kila anakoviazima anaeleza kwa nini. Watanzania wa Golden Valley wameshapiga simu kunipa pole, wanacheka.

Nami nina barafu usoni. Mdomo wa juu umekuwa andazi, pua imehamia kushoto. Nimemwambia mama nimekosa, nilidanganya, leseni basi tuiache.

Hakugomba. Amesimama na sare yake ya kazi, akanitazama weee, akapiga mwayo, akasema:

"Tuiache kwa nini? Nilikwambia uwatoe, umewatoa. Jumatatu tunakwenda, na picha ya leseni utapiga na uso huo huo."