Malalamiko ya Kinyozi Aliyepewa Viza Peke Yake

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Viza,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi nami ni mzima, ila roho imechafuka, na aliyeichafua ni ofisa wako wa dirisha la tatu.

Mimi na mke wangu, fundi wa kushona nguo za harusi, tuliomba viza ya utalii. Nia yetu ni kuiona theluji, kuishika, na kurudi nyumbani. Ofisa alituhoji mmoja mmoja, akamwuliza kila mtu ana nini cha kumrudisha. Nikajibu kwamba nina mke. Mwenzangu akajibu kwamba ana mume. Mimi nikapewa viza, yeye akanyimwa. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Jibu lilikuwa lile lile. Iweje mke atoshe kumrudisha mtu, na mume asitoshe? Kama tatizo ni sura, mngesema mapema nikanyoa ndevu. Vifaa ninavyo.

2. Kabla ya kumkatalia, ofisa alinitazama pale kwenye benchi kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akahema. Mume wa mtu hapimwi kwa macho. Angewauliza majirani wakamwambia kwamba mke wangu hata akienda sokoni hurudi mbio, akihofia nimeunguza sufuria. Mtu wa namna hiyo atabakije ughaibuni?

3. Safari yenyewe ni yake. Anawashonea wenzake nguo za kwendea fungate, na sisi fungate hatukwenda; kesho yake tu baada ya harusi yetu mimi nilifungua saluni na yeye akakaa kwenye cherehani. Nikienda peke yangu, hiyo theluji nitaishika nimwonyeshe nani? Hili linaniuma, mheshimiwa, na hapa sitanii.

4. Kwa kuwa mnataka dhamana, najitoa mwenyewe. Mpeni yeye viza yangu, mimi mnishike hapo ofisini mpaka arudi. Nitalala kwenye benchi na kuwanyoa maofisa wote bure, nikianza na wa dirisha la tatu, ambaye kisogo chake kinaitia aibu serikali yake.

5. Huyo ofisa mwenyewe ana mke kwao, picha yake ipo mezani. Mbona miaka inakatika yuko kwetu na hana dalili ya kurudi? Naomba aondolewe dirishani, ahojiwe, na akishindwa kujieleza anyimwe viza ya hapa.

Nisalimie wote hapo idarani, na mlinzi wa getini aliyenishikia mkanda nilipokuwa nakaguliwa. Familia yako pia.

Ni mimi, ninayesubiri jibu kwa heshima zote,
Kinyozi, mume wa fundi

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijabandika stempu. Amecheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi, kisha akasema taratibu, "Lakini mimi ningefika kule, nisingerudi." Nimemwuliza kama anatania. Amerudi kwenye cherehani, akaendelea kushona. Basi, mheshimiwa, naomba uichane barua hii na uamuzi wa ofisa ubaki kama ulivyo. Viza yangu nairudisha humu humu ndani ya bahasha, maana sasa hata mimi sina hakika kwamba nikirudi nitamkuta.