Mtoto Wangu Naye Yuko Wodi ya Watoto

Kwa Matroni,
Wodi ya Watoto, ghorofa ya kwanza, mlango wenye picha ya twiga.

Mheshimiwa Matroni,

Yah: Malalamiko kuhusu binti yangu mliyemchukua mkamfanya nesi

Shikamoo. Kama wewe ni mdogo kwangu basi uirudishe, nitaipokea na hatutagombana. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na shule yenyewe niliiachia darasa la tano, kwa hiyo ukiona nimepanda juu ya mstari ujue ni macho, si utovu wa adabu. Barua hii naiandika kwa mara ya tatu. Ya kwanza ilijaa hasira. Ya pili niliilia, wino ukachuruzika. Hii ndiyo yenye heshima.

Mimi ni mama wa yule nesi mpya, mrefu, mwembamba, mwenye sare pana. Najua umeshamtambua kwa sare. Hapo kosa ni langu. Niliishona mwenyewe nikamwachia pindo la kukulia, chini na mbavuni, kama ninavyowaachia watoto wa darasa la kwanza. Nilipomaliza kupiga pasi ndipo nikakumbuka kwamba ana miaka ishirini na nne na haongezeki tena. Nyumbani tunamwita Kasuku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hajawahi kunyamaza. Sasa amenyamaza, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Alipomaliza chuo cha uuguzi tulifurahi, tukajua kusoma kumekwisha. Kumbe ninyi mna mpango wenu wa kuwalea manesi wapya mwaka mzima humo humo wodini, kila mmoja na nesi mzoefu wa kumfuata nyuma. Tena mwezi huu wa majaribio ukiisha, Ijumaa, utakaa na binti yangu umuulize kama anaendelea na watoto au ahamishwe kwingine. Yeye hajui kwamba nakuandikia. Ombi langu ni kwamba umhamishe kabla hajajibu. Sababu zangu ni hizi:

1. Mapokezi yenu hayakunipokea vizuri. Siku ya kwanza nilimsindikiza, kama mama yeyote angefanya. Tukapanga foleni. Karani akaniuliza jina la mtoto, nikamtajia. Akaniuliza umri. Nikasema ishirini na nne. Akauliza, "Miezi?" Nikamwambia miaka. Akainua kichwa akamtazama binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anatazama ukuta, akauliza anaumwa nini. Nikamwambia haumwi, ameanza kazi. Foleni nzima ilicheka, na mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema, "Dada, huyo wako umechelewa kumwachisha ziwa." Binti yangu aliniomba kwa upole nirudi nyumbani. Nilirudi, lakini nilipitia nyuma, kwenye dirisha.

2. Kuhusu huyo mnayemwita nesi mlezi. Sina ugomvi naye. Ni mama mpole, mnene kidogo, anatembea taratibu kama hana safari. Tatizo ni hilo neno mlezi. Mlezi ni mimi. Huyo mwenzangu amemkuta mtu ameshaota meno, anajifungia vifungo mwenyewe, halafu ndiyo anaitwa mlezi. Na sasa kila sentensi nyumbani kwangu inaanza na "mlezi wangu amesema." Mlezi wangu amesema nile kabla ya zamu. Mimi nimesema hivyo tangu yuko chekechea na hakuna aliyeninukuu.

3. Mnamfundisha kuwaambia watoto ukweli. Hili, Matroni, nimelitafakari sana. Eti mtoto kabla ya kuchomwa sindano anaambiwa itauma, itauma kidogo, tutahesabu pamoja, na unaweza kuchagua mkono gani. Mimi watoto wangu wote nimewalea kwa kuwaambia sindano haiumi, ni kama sisimizi amepita. Ndivyo nilivyoambiwa na mama yangu, naye na mama yake, na sote tumechanjwa. Siku aliyojifunza hayo alirudi akakaa mbele ya cherehani yangu akasema, "Mama, wewe umenidanganya tangu chanjo ya kwanza." Nikamwambia nilikuwa nakusaidia. Akasema, "Nilikuwa nashindwa kuelewa kwa nini huyo sisimizi ni mkubwa hivyo."

Halafu akaenda kunionyesha mfano kwa mtoto wa jirani, yule ambaye mama yake na mimi huwa tunamkamata, mmoja miguu na mmoja kichwa, ndipo anywe dawa ya kikohozi. Kasuku alichuchumaa, akamwambia, "Hii ni chungu sana, mimi mwenyewe siipendi. Unataka kushika kijiko wewe au nishike mimi?" Mtoto akashika kijiko akanywa. Hilo ndilo lililoniudhi. Jirani yangu alinitazama kama mtu ambaye miaka yote hii nilimshikisha miguu bure.

4. Anafanyia mazoezi nyumbani kwangu. Mmewafundisha kwamba dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake na manesi wawili waihakiki kwa sauti kabla haijatolewa. Ni vizuri. Lakini mimi sasa siwezi kutia chumvi kwenye mboga bila kuitwa. "Mama, njoo tuhakiki. Chumvi, kijiko kimoja. Umeona?" Nimeona. "Ni ya sufuria hii?" Ni ya sufuria hii, mwanangu, tuna sufuria moja tu jikoni. Baba yake naye ameanza. Juzi alinisomea kiasi cha sukari kwenye chai yake kwa sauti ya kituo cha polisi, akasubiri niitikie.

Tena kuna ile karatasi yenu ya nyuso, wa kwanza anacheka, wa mwisho analia, mtoto anaonyesha kidole maumivu yake yalipofikia. Ameibandika pembeni ya kioo. Nikishika goti tu ananiambia, "Usiniambie si sana. Nionyeshe uso." Nilimwonyesha yule anayecheka. Akasema, "Mama, huyo hatembei kwa kushika ukuta." Ikabidi niende zahanati. Goti lina nafuu, lakini sikuliomba.

5. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu na mimi nimeandika polepole.

Wiki iliyopita alirudi akakaa kwenye kochi na viatu vyake. Hakula. Nilimuuliza kuna nini, akasema, "Mama, ya wodini siwezi kukusimulia." Nikamwambia mimi ni mama yako. Akasema, "Najua, ndiyo maana ningekusimulia, na sitakiwi." Kwa hiyo mimi nikaanza kumsimulia ya mtaani, ili angalau kuwe na sauti. Nikamweleza aliyehama na aliyehamia, nikamaliza mtaa mzima nikaingia wa pili, naye anaitikia tu kama mtu aliye mbali. Kisha simu ikaita. Alikuwa nesi mlezi. Akatoka nayo uani, akasimama kando ya kamba ya nguo, akaongea muda mrefu, akalia, akanyamaza, na mwisho nikamsikia anacheka kidogo. Nilikuwa nyuma ya mlango. Si kwamba nilikuwa nasikiliza, nilikuwa nafuta kitasa.

Aliporudi ndani alinawa uso akala. Akaniambia, "Mama, labda mimi sifai kazi hii."

Matroni, mama mwenye akili angesema unafaa. Mimi nilisema, "Basi acha." Nilisema haraka sana, hata kabla hajameza. Alinitazama, na tangu siku hiyo Kasuku wangu hasemi kitu zaidi ya salamu. Ninyi mnajua kinachomuumiza nami sikijui. Miaka yote akianguka mimi ndiye niliyepuliza goti. Leo kuna kidonda ambacho siruhusiwi hata kukiona, na anayekipuliza ni mtu mwingine, tena kwa simu.

6. Kutokana na hayo nadai kiti. Nimesoma bango lenu lililo karibu na ngazi, herufi kubwa za bluu, linasema kila mtoto aliye wodini ana haki ya kuwa na mzazi karibu yake. Mtoto wangu yuko wodini. Yuko huko asubuhi mpaka jioni, na wengine waliolazwa wanaruhusiwa wanamwacha yeye hapo hapo. Kwa hiyo haki hiyo ni yangu. Nilipanda kuja kuidai, mlinzi akanizuia akasema viti vile ni vya mama wa wagonjwa. Nikamwambia mimi ni mama. Akauliza, "Wa mgonjwa?" Nikamjibu, bado. Hakunielewa. Sihitaji kiti chenye mto. Nitakuja na mashine yangu ndogo ya mkono nishone mapazia yenu, ambayo, nisamehe kusema, yamefumuka upande wa kushoto, na sitaongea ila nikiulizwa. Hilo la mwisho baba yake amesema nilifute, nimelifuta kichwani.

7. Kama kiti hakipatikani, basi ahamishiwe idara isiyo na wagonjwa. Nimezizungukia zote ili nisikupe kazi ya kufikiri. Dobi kuna mvuke, atapata mafua. Stoo kuna ngazi ndefu na yeye ni mtu wa kupanda bila kutazama. Chumba cha kadi ni kizuri ila vumbi lake si la kawaida, na mzee wa pale anapiga chafya kama mlango unaobamizwa. Jikoni kuna masufuria ambayo mtu anaweza kuogea. Mahali pekee hospitali nzima nilipopaona salama ni ofisini kwako. Kuna feni, kuna dirisha, mlango unafungwa, na nilipochungulia hakukuwa na mtu analia. Kwa hiyo baada ya kutafakari kwa kina naomba binti yangu apewe kazi yako. Sina maana kwamba wewe uondoke. Unaweza kurudi wodini kuwahudumia watoto, kwa kuwa nasikia ulikuwa hodari sana, na mpango wa manesi wapya bado una nafasi. Hata nesi mlezi utapata.

Najua nimeomba mambo mazito kwa mtu nisiyemfahamu. Ninachotaka ni kidogo tu: kwamba Ijumaa binti yangu asiulizwe swali gumu, na kwamba mtu mzima amjibie. Anapenda mno hao watoto. Mtu anayependa hivyo ataumia tena na tena, nami sina mkono unaofika huko ndani.

Nisikuchoshe. Nisalimie wote wa hapo hospitali: karani wa mapokezi, mlinzi, mzee wa kadi na chafya zake, wale wa dobi walionipa maji ya kunywa. Nesi mlezi naye mfikishie salamu, nzima, si nusu. Baba yake Kasuku anakusalimu na anasema hahusiki.

Ni mimi mwenye wasiwasi,
Mama Kasuku, fundi cherehani.

Nyongeza:

Sikuwa nimefunga bahasha. Asubuhi hii mke wa mwanangu mkubwa amekuja na mjukuu wangu, wa miaka minne, ameandikiwa kupasuliwa ngiri Jumatano ijayo hapo hapo kwenu. Atashinda na njaa asubuhi yote, atachomwa, atalazwa, atapelekwa kwenye chumba ambacho mama yake haingii. Tumekaa jikoni tukaulizana ni nani atakayekuwa naye.

Matroni, naomba apangiwe Kasuku. Si nesi mlezi, wala wewe, msinielewe vibaya. Kasuku atamwambia ukweli, atahakiki dawa yake mpaka mwenzake achoke kuitikia, na mtoto akimwonyesha uso wa uongo atamjua. Nimesikia kuna utaratibu kwamba nesi hamhudumii wa nyumbani kwao. Ikiwa upo, basi usitaje kwamba ni ndugu. Mtoto atamwita shangazi, lakini watoto huita kila mtu shangazi. Na kwa kuwa mke wa mwanangu ni mjamzito, na huyo wa tumboni naye siku moja ataumwa kitu, namba moja mpaka saba uziruke. Ijumaa Kasuku akikuambia hafai, tafadhali usimkubalie. Mwambie Mama amekataa.

Mke wa mwanangu aliniuliza, kwa woga, "Lakini mama, wifi si bado anajifunza? Anaijua kazi kweli?"

Nilimjibu haraka sana, hata kabla hajamaliza. Anaijua.