Mashimo Manane Manane

Leo nimejiaibisha kazini hospitalini, na nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia sokoni.

Mnajua nimerudi kutoka kozini Dar na sanduku langu la mchanga. Mtoto mwenye jambo moyoni anapewa mchanga na vidoli, anapanga anachotaka, wewe unatazama na kunyamaza. (Kunyamaza. Lishikeni hilo.)

Asubuhi akaja bibi mmoja wa Ntalikwa na mjukuu wake Nyamizi, miaka saba. Tangu lori liwahamishie kijiji cha ujamaa, miezi mitatu sasa, mtoto hajasema neno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akautazama mchanga. "Kumbe siku hizi serikali nayo inapiga ramli?"

Nikamwambia hii si ramli, ni elimu. Akasema sawa, ila amechoka kumzungusha mtoto. Leo asiposema, basi, hampeleki tena popote.

Nyamizi akachuchumaa. Vidoli vyangu vimetoka Ulaya: nyumba zenye bomba la moshi, nguruwe wawili, bibi harusi wa kizungu. Akavisukuma kando vyote. Akaanza kuchimba mashimo kwa kidole, mstari baada ya mstari, mpaka mistari minne.

Nikaandika kwenye faili, kwa wino: makaburi. Ningeishia hapo, mchana ningekula kwa amani. Lakini kozi ilikuwa inaniwasha. Nikamwinamia bibi, nikasema kitaalamu kabisa, "Mtoto anaona vifo. Vingi."

Sasa mwambie hivyo mtu anayeamini umempigia ramli.

"Nani anakufa?" Sijajibu, ameshaanza kulia kwa sauti, anataja wanawe mmoja mmoja. Wagonjwa wa foleni wakajaa mlangoni. Bosi wangu akapenya katikati yao.

"Kuna msiba?"

"Hapana, mzee."

"Mbona huyu analia?"

Nikamwonyesha mchanga. "Ni makaburi," nikasema.

Nyamizi akaninyanyulia macho. "Ni bao," akasema. "La babu. Tuliliacha kule."

Bibi akanyamaza katikati ya jina la mwanawe wa nne. Bosi akainama, akahesabu kwa kidole. Mistari minne, mashimo manane manane. (Baba yangu hucheza bao kila jioni pale mtaani kwetu Cheyo. Nimekua nikimpelekea kahawa.)

Bibi akafuta machozi kwa kanga, akakaa sakafuni. Kete hatuna, tukaomba maharage jikoni. Wakacheza hadi adhuhuri, mtoto anaongea, anabishana, anamwambia bibi yake anaiba. Mimi nimesimama na faili. Nilifurahi, siwafichi, ila uso uliniwaka mpaka masikioni.

Wakati wa kuondoka nikamuuliza Nyamizi kama kesho atakuja. Alimgeukia bibi yake.

"Nitakuja. Ila huyu dada akae tu, asiseme kitu."

Dar walitumia wiki sita kunifundisha hilohilo.