Majivu Juu ya Paa la Mshonaji

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba nne, paneli sita za sola, betri moja. Paneli ziko juu ya paa la jirani yetu mshonaji, umeme tunagawana kwa zamu. Jana zamu yangu iliisha dakika nane kabla ya mpira kwisha. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wetu, kasema utaratibu ni utaratibu. Nikamwambia yeye hana hata televisheni. Kasema ndiyo maana alichaguliwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimependekeza anayefuta paneli zikichafuka aongezewe saa moja. Wamekubali. Nimejitolea. Mke wangu kauliza tangu lini napenda kufagia.

Jumatano, 5 Machi
Nimepanda na kitambaa. Paneli zinang'aa kama sahani. Mvua ilinitangulia. Hakuna uchafu, hakuna saa. Uonevu mtupu.

Alhamisi, 6 Machi
Alfajiri nimepanda na ndoo ya majivu. Nilikusudia kunyunyiza kidogo. Upepo ukanisaidia kupita kiasi.
Saa tano mshonaji akapiga kelele: betri tupu, friji ya pamoja imezima. Humo ndimo inamokaa insulini ya mama mkwe. Friji sikuifikiria kabisa. Nikapanda mbio kufuta. Huko chini mwalimu akachukua ngazi akakague nyaya. Nikabaki juu kama kunguru. Mama mkwe akatoka uani, akanitazama.
"Mkwe, mbona uso una majivu?"
Nikasema ni upepo.
"Na ndoo nayo imeletwa na upepo?"

Ijumaa, 7 Machi
Dawa imepona. Mke wangu aliikimbiza zahanati kwa miguu, na tangu hapo hanisemeshi. Kikao kimekaa. Nimevuliwa kazi ya usafi. Zamu yangu ya mwezi mzima kapewa mama mkwe, asikilize redio. Nimemwomba radhi. Kasema amenisamehe, ila nisiisogelee friji. Nimelala mapema, sina la kutazama.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu nimeliona: majivu yanaonekana kwa urahisi.
Majirani wananunua tangi la pamoja la maji ya mvua. Anatafutwa mtu wa kuziba matundu yakitokea, apewe ndoo mbili za ziada kwa kila tundu. Nimejitolea. Wamesita, lakini hakuna mwingine aliyetaka.
Jioni nimenunua msumari. Mdogo tu.