Simu ya Kumwamsha Binti

Jumatatu, 3 Februari. Mwaka wa pili tangu niondoke nyumbani kuja kujenga majumba ughaibuni.
Habari mbaya. Shule ya binti yangu imesogeza kipindi cha kwanza kutoka saa moja hadi saa mbili na nusu. Eti vijana wa umri ule hawalali vya kutosha. Mimi ndiye humwamsha kwa simu alfajiri, kabla sijaingia kazini. Hayo ndiyo maongezi yetu yote: namwambia amka mama, ananguruma, nafurahi. Sasa ataamka saa moja, na saa hiyo mimi niko juu ya jukwaa la ujenzi na matofali, simu marufuku. Fundi Rangi, tunayelala naye chumba kimoja, kasema pole mzee, umestaafishwa. Mwone!

Jumanne, 4.
Nimepata akili. Nimempigia alfajiri kama kawaida, nikamwambia ratiba mpya imeahirishwa. Kaamini!
Jioni mama yake kapiga. Mtoto kakuta geti lina kufuli, kasinzia kwenye benchi la mlinzi mpaka walimu walipofika. Mama yake kaniuliza kama jua la huku limeniingia kichwani. Nikasingizia mtandao, eti mtoto kanisikia vibaya. Kakata simu.

Jumatano, 5.
Mpango mpya. Nimemwendea nyapara, nikamweleza kitaalamu kwamba usingizi hujenga mwili, kwa hiyo kazi ianze saa mbili. Kakubali! Nimetembea kifua mbele siku nzima.

Alhamisi, 6.
Saa moja nimempigia binti. Kanguruma vizuri kabisa. Raha!
Raha fupi. Nyapara kafidia muda kwa kufuta mapumziko ya mchana. Tumebeba zege juani, tumbo tupu. Sasa naitwa Profesa Usingizi. Fundi Rangi kauliza kama nina utaalamu mwingine, ili wenzangu wafungashe virago mapema.

Ijumaa, 7.
Ratiba ya kazi imerudi ya zamani. Nilikuwa nimejilaza kwa huzuni, simu ikalia. Binti! Kapiga mwenyewe, jioni, jambo ambalo hajawahi kufanya. Kasema baba, sasa naweza kuamka mwenyewe, usingizi unanitosha. Niwe nampigia jioni, ndipo ana maneno. Na kweli anayo! Kanieleza kuhusu rafiki aliyemnunia, na mwalimu wa hesabu anayepiga chafya kila akikasirika. Nimecheka mpaka Fundi Rangi akajifunika shuka. Tumeongea hadi salio lake likaisha.
Nimewaza sana baadaye. Maskini, mtoto anajikaza ili nisiumie. Bila mimi haamki yule. Narudi mwishoni mwa Novemba, nyapara akitoa ruhusa. Nitamgongea mlango kwa mkono wangu mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri.